Kabla ya filta na lenzi, mzuie fundi cherehani

Mkuu, mpigie simu fundi wako sasa hivi, kisha urudi umalizie kusoma.

Maswali yako manne kuhusu kupiga filamu yako ya mizimu kwa infraredi, ule mwanga usioonekana kwa macho, nimeyaona: filta ya 720 au ya 590 (namba hizo ni nanomita, kipimo cha urefu wa wimbi ambapo filta inaanza kupitisha mwanga), lenzi ipi haitoi doa jeupe katikati ya picha, nani anabadilisha kamera hapa nchini ili ione infraredi, na namna ya kupata ile rangi ya waridi ya picha za Kongo. Wadau wa juu wameshaanza kuyajibu. Lakini wote wameruka mstari ulioutupia mwishoni, tena bila hata alama ya kuuliza: “Mavazi tayari, fundi keshachukua advansi, mizimu yote itavaa mashuka meusi, wanakijiji watavaa nyeupe, kwa hiyo upande huo hauna shida.”

Upande huo ndio wenye shida. Hayo maswali mengine ukikosea utapoteza muda na nywele kidogo. Hapo ukikosea utapoteza filamu.

Nyeusi ya dukani si lazima iwe nyeusi mbele ya kamera ya infraredi. Shuka hilo hilo unaloliona jeusi tii mkononi mwako linaweza kutoka jeupe pe. Sisemi kijivu, sisemi limepauka kidogo. Jeupe. Na hutajua kwa kulitazama, kulishika, kuuliza bei wala kumuuliza muuzaji, maana muuzaji naye ana macho ya kawaida.

Mimi nilipita njia hiyo hiyo unayoanza. Filamu yetu ilikuwa fupi, hadithi ya kijiji cha pwani kilichoacha kutambika, mizimu inarudi kudai chake. Tulichagua Pangani kwa sababu ya minazi, mto na mashamba ya mkonge. Nilikuwa nimetazama kilichofanywa na Wasovieti kule Kuba, ile filamu ya Kalatozov ya mwaka 1964 iliyopigwa na Urusevsky, sehemu zilizotumia utepe wa filamu wa infraredi ambapo minazi imetoka myeupe na anga limeingia giza mchana kweupe. Nikajiambia, kama minazi ya Kuba inafanya hivyo, ya Pangani ina upungufu gani?

Haikuwa na upungufu wowote. Mazingira yalitupa kila tulichoomba na nyongeza juu. Mkonge ulitoka mweupe, mstari baada ya mstari mpaka upeo wa macho. Mto ukawa mweusi kwa sababu maji hufyonza mwanga huo. Bahari, ile ya bluu ya kwenye kalenda, ikawa lami. Mawingu yakasimama juu ya anga jeusi. Kwa wale wanaouliza kwa nini majani yanakuwa hivyo: klorofili inafyonza nyekundu na bluu kwa ajili ya chakula cha mmea, lakini infraredi haina kazi nayo. Mwanga huo unaingia ndani ya jani, unagongana na nafasi za hewa katikati ya seli na kurudishwa nje kwa wingi. Wataalamu wanaiita athari ya Wood, kwa jina la Robert Wood, mwanafizikia wa Marekani aliyechapisha picha za namna hii mwaka 1910. Haina uhusiano na joto. Huyo aliyeandika juu kwamba mizimu haitaonekana kwa kuwa maiti hana joto, nimecheka, lakini anazungumzia kamera nyingine kabisa. Ile ya joto inafanya kazi na mawimbi marefu kama mara kumi au zaidi kuliko haya, na lenzi yake ni ya jerimaniamu kwa sababu kioo cha kawaida hakipitishi mawimbi hayo. Yako wewe ni kamera ya kawaida iliyotolewa kioo cha kuzuia infraredi mbele ya sensa.

Turudi kwenye nguo, maana ndiko nilikochomewa.

Mizimu tuliivisha kaniki na mashuka ya poliesta nyeusi. Wanakijiji tukawavisha kanzu, mashati meupe na kanga za rangi nyepesi. Wazo zima la filamu lilikaa hapo: maumbo meusi yanatoka kwenye minazi myeupe, yanaingia kijijini, yanawazunguka watu weupe. Hakuna damu, hakuna kelele, hakuna mtu kuvaa meno ya plastiki. Skripti iliandikwa kwa wazo hilo. Bango lilichorwa kwa wazo hilo kabla hatujapiga hata fremu moja, na lilipendeza sana, bado ninalo, nimelificha juu ya kabati.

Siku ya kupiga, jua la saa saba, skrini ya kamera huoni kitu. Unaona kitu kinang'aa tu. Kameramani akasema ekspoja, yaani mwanga unaoingia kamerani, imezidi, akabana tundu la lenzi. Picha yote ikaingia giza na mizimu ikabaki inang'aa. Mimi, kwa kujiamini kwa mtu aliyemaliza kozi na kupewa cheti chenye mhuri, nikasema ni mwako wa jua kwenye poliesta, tusogee kivulini. Tukasogea. Ikawa vile vile kwa ukali mdogo. Nikasema basi tutarekebisha kwenye kompyuta. Hiyo sentensi, mkuu, ukiisikia kwenye seti yako, simamisha kazi.

Jioni gesti tukafungua laptopu, wote tumebanana kwenye kitanda kimoja. Klipu ya kwanza ikapita kimya. Ya pili kimya. Dada wa mavazi ndiye aliyeongea kwanza: “Mbona wote ni wanakijiji?”

Kaniki ilikuwa nyeupe. Poliesta ilikuwa nyeupe. Kanzu, kama kawaida yake, nyeupe. Lile tukio la kutisha, mizimu inaingia kijijini kiasi cha kumtoa mtazamaji roho, lilikuwa msafara wa maulidi unaopokewa na wenyeji. Kilichobaki ni kaswida.

Na haikuishia hapo. Uzi wa cherehani ulikuwa wa aina nyingine, huo ukabaki mweusi, kwa hiyo kila vazi lilikuwa na mstari mweusi kwenye kila mshono. Unaona fundi alipokata kona, unaona alipokosea akarudia. Shuka mbili zilikuwa zimepungua tukaongezea kutoka jora jingine la duka la pili. Hizo zikatoka kijivu cha majivu. Kwa hiyo tukawa na mizimu ya matabaka mawili bila kuandikiwa na mwandishi. Na miguuni tuliwavisha katambuga za tairi, nazo zikabaki nyeusi kabisa. Viatu ndivyo pekee vilivyoigiza vizuri.

Sababu ni hii, na ukiielewa hutahitaji kozi ya mtu. Rangi inayotiwa kwenye kitambaa ni kemikali iliyochaguliwa kuliridhisha jicho la mtu, na jicho la mtu linakoma karibu na nanomita 700. Kiwanda hakikukuahidi chochote zaidi ya hapo. Sensa ya silikoni inaendelea kuona mpaka karibu na 1100. Rangi nyingi nyeusi za nguo zinafyonza vizuri mpaka mwisho wa nyekundu, kisha zinaachia. Baada ya hapo mwanga unazipita na kukutana na nyuzi zenyewe, na nyuzi za pamba au poliesta bila rangi ni nyeupe. Kwa hiyo kamera haikukosea. Ilituonyesha kitambaa kilivyokuwa kabla hakijatiwa rangi. Tairi ni tofauti kwa sababu weusi wake ni wa kaboni, na kaboni inameza mwanga wote, unaouona na usiouona. Masizi ya sufuria yako hivyo, mkaa uko hivyo, risasi ya penseli iko hivyo, wino wa unga wa mashine ya fotokopi uko hivyo.

Sasa ngojeni nimseme huyu mwalimu wa kozi. Jina simtaji kwa sababu naupenda uanachama wangu humu.

Tulilipia kozi yake ya mtandaoni. Ukurasa wake umejaa minazi myeupe na maharusi kwenye bustani myeupe, na baadaye nilikuja kugundua kuwa baadhi ya picha hizo zimetoka kwa watu wa mabara mengine. Nilimuuliza kwa maandishi kabla ya kununua hata mita moja: mavazi meusi yatatokaje? Ujumbe ninao mpaka leo. Akajibu kwamba nyeusi itazidi kuwa nyeusi na nyeupe itazidi kuwa nyeupe, “infraredi ni kontrasti tu kaka, usiogope.” Usiogope! Mtu ambaye hajawahi kumsimamisha binadamu aliyevaa nguo nyeusi mbele ya kamera hiyo ananiambia mimi nisiogope, na hela ya kozi keshaila.

Nilipomrudia na picha, akasema tumekosea ekspoja. Nikamtumia faili ghafi. Akasema basi kamera imebadilishwa vibaya. Nikamkumbusha kuwa fundi wa kamera alituelekeza yeye mwenyewe, tena kwa sifa nyingi. Tiki zikawa za bluu, jibu halikuja. Mwezi uliofuata akatangaza kozi ya daraja la pili.

Lakini aliyeniuma zaidi ni mzee mlinzi wa gesti, na huyo hana kosa lolote. Alfajiri nilitoka nje na laptopu kwa kukosa usingizi, akaniona nimejiinamia, akanikaribisha kahawa. Nikamwonyesha. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. “Mwanangu, hizo nguo nyeusi mbona sisi tunaziona nyeupe kila usiku kwenye kamera ya geti? Bosi wangu anavaa suti nyeusi, akiingia saa nne mimi namwona na suti nyeupe. Nilidhani anabadilisha njiani.”

Kamera za ulinzi, mkuu. Ikiingia usiku kile kioo cha kuzuia infraredi kinasogezwa pembeni, unasikia kabisa inalia tak, zinawaka zile taa ndogo za pembeni, nyingi ni za nanomita 850, na picha inageuka ya rangi moja. Ni infraredi ile ile. Elimu tuliyoilipia kwa simu ilikuwa imekaa getini na kahawa juu yake, na hakuna aliyeiuliza kwa sababu haina cheti.

Mtasema, si mngerekebisha kwenye kompyuta? Tulijaribu. Ukitumia filta ya 720 tofauti za rangi zinazobaki ni kidogo mno. Kaniki nyeupe na kanzu nyeupe zinalingana kwenye kila chaneli ya rangi, nyekundu, kijani na bluu, hakuna uzi wa kushika ili kuitenga moja na nyingine. Inabaki kuchora kwa mkono kuzunguka kila mzimu, fremu kwa fremu, na kitambaa kinapepea kwa upepo wa bahari. Kijana aliyetufanyia sekunde chache za mwanzo alituletea bei ya zilizobaki, tukamshukuru, tukamwagiza soda, tukaondoka. Hela ya mashuka, hela ya fundi, koasta ya kwenda na kurudi, posho za waigizaji, chakula, vibali, vyote vililipwa mara mbili. Na tuliporudi mvua zilikuwa zimekata. Nyasi zimekauka, mibuyu imepukutisha, ule weupe wa mara ya kwanza ukabaki kwenye minazi na mkonge tu. Mbuyu bila majani kwenye infraredi ni mbuyu tu. Hiyo ni hasara ambayo huwezi kuiandikia risiti.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitaing'ang'ania hadi mnichoke: hakishonwi kitu kabla hakijapimwa. Kila kinachoingia kwenye fremu kinapita kwanza mbele ya kamera ile ile, na filta ile ile, chini ya mwanga ule ule. Kitambaa, uzi, kifungo, kofia, kilemba, mkoba, poda ya uso, rangi ya ukuta, hata mwavuli wa mtu anayepita nyuma. Ukiniuliza “je, pamba ni salama?” nitakwambia pima. “Je, sufu?” Pima. Nilipopita tena madukani na kamera begani, wauzaji wakidhani mimi ni wa mamlaka ya mapato, nilipata pamba nyeusi ya bei ya kutupa iliyobaki nyeusi vizuri kabisa, na jirani yake kwenye rafu hiyo hiyo, nyeusi sawasawa kwa macho, ikatoka nyeupe. Aina ya kitambaa haikwambii chochote. Kinachoamua ni rangi iliyotiwa, na hiyo haiandikwi kwenye jora.

Namna ya kupima kabla kamera yako haijarudi kutoka kwa fundi wa kamera: mwombe fundi cherehani mabaki, vipande vya ukubwa wa kiganja, pamoja na vipande vya uzi wake. Nenda kwa mwenye duka jirani mwenye kamera ya ulinzi, usiku, umwambie ukweli asije akakuitia watu. Vishike mbele ya kamera, tazama kwenye skrini yake. Kilichogeuka cheupe hapo kitupe. Kilichobaki cheusi kiweke kando, lakini usikiamini bado, kwa sababu taa za pale ni 850 na filta yako inaanza 720, na jua si taa. Hilo ni chekecho la kwanza. La pili ni kamera yako yenyewe, mchana. Na vipande vitie namba kwa penseli, siyo kalamu. Sisi tulitumia kalamu ya bluu na kamera ikaufuta wino wote, tukabaki na vipande visivyo na majina vinavyofanana. Nilitaka kulia, kisha nikakumbuka nimelipia kozi.

Vitu vyembamba vina jambo lake jingine, na hapa sitanii. Baadhi ya vitambaa vyepesi, hasa vya sintetiki, havirudishi mwanga huo tu, vinaupitisha. Mwaka 1998 Sony ilibidi ibadilishe kamera zake za mkononi zenye uwezo wa kuona gizani, baada ya watu kugundua kwamba zikitumiwa mchana na filta fulani zinaweza kupenya nguo nyepesi. Umeandika kuna dada anatoka majini amejifunga kitambaa chepesi. Pima kitambaa hicho kikiwa kimevaliwa juu ya nguo nyingine, na mwenyewe aione picha ya majaribio kabla ya mtu mwingine yeyote kuiona. Akisema hapana, ni hapana, tafuta kitambaa kizito.

Na huo unga wa kupaka usoni ili mizimu iwe myeupe, usihangaike nao. Ngozi zetu ni nyeusi kwa sababu ya melanini, na kadiri unavyoingia ndani ya infraredi melanini nayo inafyonza kidogo zaidi. Waigizaji wako wote, mizimu na wanakijiji, watatoka na sura nyepesi, laini, za nta, mishipa imejichora shingoni. Mzee wetu mmoja alijiona akasema nimemzika kabla ya siku yake. Ukitaka mzimu utofautiane usoni, pindua wazo: wapake masizi. Masizi ni kaboni, hayatakusaliti. Sisi mara ya pili tulifanya hivyo, na uso mweusi tii katikati ya kijiji cha watu wa nta ulitisha kuliko shuka zote tulizoshona.

Msione huu ni ushamba wa wenye bajeti ndogo. Lile pambano la uwanjani kwenye sehemu ya pili ya filamu ya Dune, ya mwaka 2024, kwenye sayari yenye jua jeusi, lilipigwa na mpigapicha Greig Fraser kwa kamera iliyobadilishwa ione infraredi. Watu wale wana hela ya kuinunua Kariakoo pamoja na wamachinga wake, na bado mavazi yao yalilazimika kupimwa kwanza mbele ya kamera hiyo, kwa sababu vitambaa vyeusi havikutoka sawa. Sasa wewe na mimi ni akina nani tumwamini fundi kwa neno la mdomo?

Hata ile rangi ya waridi uliyoitaja ilizaliwa kwenye hoja hii hii ya nguo na majani. Richard Mosse, mpigapicha wa Ireland, alikwenda mashariki ya Kongo akiwa na Kodak Aerochrome, filamu ya zamani ya infraredi ambayo kiwanda kilikuwa kimeshaacha kuitengeneza, na mwaka 2013 kazi yake ya video kutoka Kivu ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice. Vilima vya Kivu vikawa vya waridi. Watu wanadhani filamu ile ilibuniwa kwa urembo. Ni ya kijeshi. Ilitokana na filamu za enzi ya vita kuu ya pili zilizotengenezwa kwa ajili ya kufichua maficho kutoka angani: chandarua kilichopakwa rangi ya kijani na mti wa kijani ni sawa kwa macho ya rubani, lakini mti unarudisha infraredi na rangi ile hairudishi, basi mti unatoka mwekundu na chandarua kinabaki kimejianika. Yaani majeshi yalijua tangu miaka ya 1940 kwamba rangi ya kiwandani na jani vinaweza kufanana kwa macho na kutofautiana mbele ya infraredi. Mwalimu wangu wa kozi bado hajapata habari. Kuhusu kuipata kwa kamera ya dijitali, filta ya 590 inakupa rangi zaidi ya kuchezea kuliko 720, unabadilishana chaneli nyekundu na bluu na kuendelea kutoka hapo, mengine waulize wenye subira.

Nimeona pia tukio lako la mwisho ni usiku na umekodi taa za LED. Zirudishe. LED nyeupe haitoi infraredi ya maana. Utawasha taa, wewe utaona seti imewaka, kamera itaona giza. Chukua halojeni za zamani zile zinazounguza vidole, au washa moto wa kuni, huo unatoa infraredi kwa wingi, au kodi taa zenyewe za kamera za ulinzi ukitaka waigizaji wapapase gizani kweli. Na filta ya ND ya kawaida ya kupunguza mwanga haipunguzi infraredi ipasavyo, zile za kuzungusha ndiyo kabisa, kwa hiyo ekspoja utaipunguzia kwenye lenzi na kasi ya shata. Nadhani uliuliza lenzi pia. Wadau wa juu wamekujibu vizuri, pima kwa kubana tundu la lenzi mpaka f/11 uone kama doa linatokea, basi.

Kuhusu fundi wako: advansi haidai kushonwa leo. Mwambie asikate. Akikwambia ameshakata, mwambie asiunganishe, lete uzi wa aina tatu au nne upimwe pamoja na vitambaa. Akikwambia ameshamaliza zote, usimgombeze na usizitupe. Peleka moja usiku kwa jirani mwenye kamera ya ulinzi. Ikitoka nyeupe, wape wanakijiji hizo nyeusi zako, uwaache kanzu zao kabatini, kisha utafute nyeusi ya kweli ya mizimu kwa hela iliyobaki. Anza na pamba za bei ya chini, na uchukue jora zima kwa mkupuo, maana ukirudi wiki ijayo watakuuzia jora jingine lenye rangi ya kiwanda kingine.

Ukishapima weka picha humu, na uandike filta, saa ya kupigia na duka ulikonunua. Namaanisha duka hasa, mtaa na rafu, nina filamu nyingine mwakani.